Kutu nzito uvunguni mwa Landrover 109: nikwangue, nikate au niuze chuma chakavu?

Mwana_Rungwe
Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Naombeni msaada hapa nimeshikwa pabaya. Nina Landrover Series III ile ndefu ya 109, ya mwaka 1976, ilikuwa ya baba mkubwa akaiacha Tukuyu pembeni ya migomba miaka na miaka, na mvua ya Tukuyu mnaijua. Sasa ndugu wamekaa wakasema chukua wewe ndo unaipenda. Injini nimeiwasha inaunguruma vizuri tu, gia zinaingia, bodi kwa juu ukiiosha unaona haina shida yoyote.

Shida iko uvunguni. Nimeivuta mpaka Mbeya mjini tukaiingiza kwenye shimo la gereji tukamulika na tochi, mwee! Krosimemba ya nyuma, ule mhimili wa kukingama unaounganisha mihimili miwili mirefu ya chesisi, inabanduka tabaka tabaka kama chapati, ile mikono ya chesisi inayobeba bodi miwili imetoboka, na chini ya miguu ya dereva nikikanyaga naona ardhi. Mihimili yenyewe mirefu ya chesisi kuna sehemu ina kutu ya juu juu, kuna sehemu imevimba sijui ndani kuna nini.

Fundi mmoja ameangalia kidogo tu akasema anapiga brashi ya waya, anajaza puti palipotoboka, anamalizia na lami nyeusi chini kote, siku mbili gari naondoka nalo. Bei aliyonitajia ni ndogo sana na hiyo ndo inanitia wasiwasi. Mwingine akasema mwagia maji ya betri kutu itaisha yenyewe. Mwingine molasi. Sasa anayejua kweli anisaidie, kutu iliyoingia ndani namna hii inatolewaje, ipi ya kukwangua ipi ya kukata, na je naeza kufanya mwenyewe nyumbani jioni nikitoka kazini? Nina grainda ndogo, jeki mbili na uvumilivu.

kijiwe_Sae
Alumini ya juu wauzie watengeneza sufuria, chuma cha chini mpe jirani bure, hela nunua Noah. Umemaliza.

Fundi_Bodi_Uyole
Usimsikilize huyo wa Sae, Noah haipandi kule ilikotoka hiyo 109 😂

Mkuu ngoja nikwambie kitu kuhusu hizo gari. Landrover za zamani bodi ya juu ni alumini ndo maana unaiosha inang'aa hata ikiwa imekaa migombani, lakini chesisi ni chuma, na ule ukuta wa mbele unaotenganisha injini na miguu yako nao ni chuma, na fremu za milango pia. Kwa hiyo juu inakudanganya. Watu wengi wananunua wakiangalia juu wanakuja kulia wakishaingia shimoni.

Afu chesisi yake ni boksi, iko wazi ndani. Tope linaingia kwenye matundu, linakaa mle, na udongo wa Tukuyu ule ukishashika maji hautoi haraka, kwa hiyo chuma kinaliwa kutokea ndani kuja nje. Ukiona nje pamevimba ujue kutu imejazana ndani inasukuma, maana kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Ndo maana mtu anayekwambia brashi ya waya na lami anashughulika na upande ambao ndo una nafuu.

Cha kwanza usinunue dawa yoyote. Tafuta nyundo ndogo, bisibisi nene ya zamani na chaki. Lala chini gonga chesisi yote kidogo kidogo, mbele mpaka nyuma, pande zote nne za boksi hasa juu na chini, pale juu watu wanapasahau manake hapaonekani. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu bubu. Pakijibu bubu chomeka bisibisi ukandamize kwa nguvu zako zote. Ikiingia, chora duara kwa chaki, hapo ni pa kukata. Ikigoma ila juu pana vishimo vishimo, chora msalaba, hapo panasafishwa afu tunaangalia unene uliobaki. Pakiwa ni unga mwekundu tu juu na chini yake chuma kinang'aa, hapo usiumize kichwa, ni brashi na rangi.

Usiogope kutoboa. Bisibisi ikitoboa ujue palikuwa pameshatoboka, bora upajue ukiwa nyumbani kuliko mlima Igawilo na mzigo.

Na jeki, naomba hapa unisikie vizuri, USILALE CHINI YA GARI LILILOSHIKWA NA JEKI PEKE YAKE. Weka stendi za chuma au magogo mazito yaliyopangwa msalaba, magurudumu mengine yazuie kwa mawe. Na stendi usiweke chini ya mkono uliooza, weka chini ya ekseli. Miwani ya macho lazima, zile nywele za brashi ya grainda zinachomoka zinaruka kweli, na vaa barakoa, rangi za zamani nyingine zina madini ya risasi yenye sumu, ukisaga unavuta.

Dereva_Tanzam
Vijana mnapenda mambo magumu. Sisi tumeendesha Tunduma Dar tangu barabara ikiwa mbovu, dawa ya kutu ni moja tu, oili chafu. Unatoa oili kwenye injini unaimwaga kwenye ndoo, unapaka chini yote kwa brashi kila kabla ya mvua za mwezi wa kumi na moja. Gari zetu hazijawahi kuoza. Lami ni ya barabarani.

Fundi_Bodi_Uyole
Shikamoo mzee. Oili inazuia kutu kwa chuma ambacho bado kizima hapo sina ubishi, na Landrover yenyewe inajipaka oili maana injini na giaboksi zinavuja, ndo maana ukichunguza chesisi ya mbele huwa nzima, ya nyuma imekwisha. Lakini kijana ameshatoboka mzee wangu. Oili haizibi tundu. Na akishapaka oili leo, kesho hakuna atakayechomelea hapo, moshi na moto, na rangi haitashika mpaka aoshe yote upya. Halafu oili chafu ikikaa kwenye mpira wa bushi inauvimbisha unakuwa laini, pia ile ina sumu haifai kuishika mikono mitupu kila mwaka.

Dereva_Tanzam
Marahaba. Bushi zinanunulika kijana, chesisi haipo dukani. Ila sawa, kama imetoboka achomelee kwanza.

Ticha_Kemia_Iringa
Kamwene wote. Mimi sio fundi ila nafundisha kemia na mume wangu ana Peugeot 504 ambayo imekula mshahara wangu, kwa hiyo haya ya dawa nimeyafuatilia sana.

Maji ya betri ACHA KABISA. Ile ni asidi ya salfa. Kutu itaondoa kweli na mtu atakuonyesha chuma kinang'aa utafurahi, lakini haijui kutu inaishia wapi na chuma kinaanzia wapi, inaendelea tu. Ikiingia kwenye maungio ya bati mbili huwezi kuisuuza ikatoka, inabaki mle inakula polepole chini ya rangi yako mpya. Na kwako ina alumini juu, inakula na hiyo pia. Kingine, chuma kigumu kama springi na bolti kikilowekwa kwenye asidi kinanyonya haidrojeni kinakuwa chepesi kukatika ghafla bila kupinda. Hatujazungumzia macho na mapafu ya mtu aliyelala chini anamwagia juu.

Molasi ni kweli inafanya kazi, hapo aliyekwambia hajakudanganya. Unanunua kwenye maduka ya vyakula vya mifugo, sehemu moja ya molasi kwa maji sehemu kama tisa, unazamisha kitu chako wiki moja mpaka tatu, kinatoka kutu imelegea unaisuuza, na chuma kizima hakiguswi sana. Inanuka na inaita nzi sitanii. Ila neno muhimu hapo ni unazamisha. Chesisi ya 109 utaizamisha wapi, Ziwa Nyasa? Itumie kwa vitu vidogo, mabano, hinji, bolti, vile vishikio vya bompa. Vya alumini usitie humo.

Vitu vidogo pia unaeza kutumia umeme, ndoo ya plastiki, maji, soda eshi ile wanayouza kwa watengeneza sabuni, na chaja ya betri. Kile chenye kutu kinafungwa upande wa HASI, na kipande cha chuma cha kawaida upande wa chanya, visigusane. Ukigeuza nyaya unakula kifaa chako chenyewe. Usitumie chuma kisichoshika kutu kama kijiko au sufuria ya stenlesi upande wa chanya, maji yanakuwa na kromiamu yenye sumu mbaya. Na fanyia nje, inatoa haidrojeni, cheche moja tu inatosha.

Kwa chesisi yenyewe dawa inayofaa ni ile ya kubadilisha kutu, zipo zenye asidi ya fosforasi na zipo zenye tanini, unapaka inageuka nyeusi. Inageuza kutu NYEMBAMBA iliyoshikamana na chuma, yale mabaki yaliyobaki ndani ya vishimo baada ya kukwangua mpaka umechoka. Ukiipaka juu ya magamba inageuza juu tu, chini yake kutu inaendelea na maisha yake. Na hata zile zenye fosforasi soma kopo kama zinatakiwa kusuuzwa kabla ya rangi, nyingine zinahitaji nyingine hapana.

Mwana_Rungwe
Dada ticha ahsante sana, hapo kwenye maji ya betri umeniokoa maana dumu nilishanunua, ntalirudisha.

Wakuu nimefanya alivyosema fundi, nimelala chini na nyundo wikiendi nzima, majirani wanadhani nimepata kiwanda. Majibu ndo haya. Krosimemba ya nyuma bisibisi inaingia popote nikitaka. Mikono niliyosema ni miwili kumbe ni mitatu. Mhimili wa kulia juu kidogo ya springi ya nyuma pana tundu kama sahani ndogo upande wa chini. Mhimili wa kushoto umegoma kote, ni vishimo tu. Mbele kwote pana oili na grisi za miaka yote, nimekwangua chini yake rangi nyeusi ya kiwandani bado ipo, kwa hiyo mzee wa Tanzam yuko sahihi hapo. Ndani ya chesisi nimechokonoa na waya limetoka tope limekauka na majani ya migomba, nusu ndoo.

Sasa nauliza, bati la kuziba liwe nene kiasi gani, na nichomelee kwa ile mashine ya kawaida ya fimbo ninayoweza kuazima? Na namba ya chesisi nifanyeje isije ikapotea?

Fundi_Bodi_Uyole
Safi sana, sasa tunaongea kitu kinachoeleweka. Gari yako inatengenezeka hiyo.

Kabla ya grainda kugusa chochote osha. Peleka sehemu wana mashine ya presha, waingize bomba kwenye matundu ya chesisi mpaka maji yatoke meupe upande wa pili, tope lote litoke. Afu acha ikauke siku kadhaa juani, ukiwa na kompresa pulizia ndani. Yale matundu madogo ya chini ni ya kutolea maji usije ukayaziba kwa kuchomelea au kwa rangi, na yaliyozibwa yazibue. Nimeona chesisi za watu zimejaa maji kama mtungi kisa fundi alijifanya nadhifu.

Namba ya chesisi imegongwa mbele upande wa kulia karibu na mshiko wa springi ya mbele. Hapo mbele kwako pazima, kwa hiyo hata usipeleke grainda, safisha kwa brashi ya mkono na dizeli, piga picha, paka grisi. Namba ikisagwa na kadi inasema kingine kumweleza askari wa ukaguzi ni kazi utachoka.

Chesisi yenyewe kiwandani ni bati la karibu milimita 2. Weka la milimita 2 au 2 na nusu, 3 kwenye krosimemba sina tatizo. Watu wanaweka pleti nene ya trela wakidhani ndo uimara, kumbe mwili wa chesisi unacheza, pale bati nene linapoishia ndipo panapopasuka. Sakafu ya miguuni ni nyembamba, milimita 1.2, geji 18.

Mashine ya fimbo kwa krosimemba na chesisi inawezekana ukiwa na mkono mzuri na fimbo nyembamba za milimita 2.5, lakini kwa bati la miguuni utatoboa utakasirika. Tafuta mwenye mashine ya waya, ile ya MIG. Kama hujawahi kuchomelea chuma kinachobeba uzito usijifunzie kwenye chesisi, wewe fanya kazi ya kukwangua na kukata na kupaka rangi, ndo inakula siku nyingi na ndo ghali, kuchomelea lipa mtu. Wengi hapa Mwanjelwa na Uyole watakubali wakikuta kumeshasafishwa mpaka chuma cheupe.

Kata mpaka ufike kwenye chuma kizima, chenye unene wake. Hapa ndo watu wanadanganyana sana, mtu anabandika bati juu ya kutu anachomelea pembeni, mwaka haujaisha bati jipya linaning'inia kwa sababu lilishikamana na kitu kilichooza. Kama duara la chaki ni sahani ndogo usishangae ukimaliza kukata ni sinia. Kona za kiraka zizungushe, zisiwe kali, na usikate mstari ulionyooka kusimama toka juu mpaka chini ya mhimili, kata mshazari.

Pima kabla. Gari isimame kwenye magurudumu yake sehemu tambarare, pima kwa futi kutoka kona ya mbele kushoto mpaka ya nyuma kulia, na kinyume chake, andika. Vikilingana chesisi iko sawa. Kata mkono mmoja, rudisha mmoja, ndo uende wa pili. Ukikata yote mitatu kwa mpigo bodi inashuka na milango haitafunga tena. Krosimemba kabla hujaitoa chomelea ango (chuma cha pembe) ya muda kuunganisha mihimili miwili isije ikafunguka.

Chomoa betri pande zote mbili na oltaneta. Kama bati ulilonunua ni lile la mabati ya zinki, saga zinki itoke pembezoni kabla ya kuchomelea, moshi wake unakupa homa na baridi usiku mzima. Na maziwa hayazuii hiyo homa, vijana wa gereji wanywe tu kwa afya.

kijiwe_Sae
Fundi umeandika mpaka natamani kuwa na Landrover. Puti je haifai kabisa?

Fundi_Bodi_Uyole
Puti ni ya kulainisha uso wa mlango uliobonyea. Haina nguvu na inanyonya unyevu. Kwenye chesisi ni kuficha kidonda. Ukienda kununua gari la chuma nenda na sumaku, isiposhika ujue puti. Kwa Landrover ile alumini ya juu haitashika hata bila puti, usimlaumu muuzaji 😂

Makambako_Kwetu
Nimechelewa ila naongezea upande wa rangi kwa sisi wa baridi. Chuma ulichokisaga kikawa cheupe kwa hali ya hewa ya kwetu usikilaze. Asubuhi unakuta umande umekipitia na kimeshaanza kupiga wekundu, kazi yote ya jana bure. Saga sehemu unayoweza kuimaliza siku hiyo, futa na thina, piga praima, ile rangi ya kwanza ya chini, jioni kabla jua halijazama.

Praima nzuri ni ile ya epoksi ya makopo mawili ya kuchanganya, haipitishi maji. Redoksaidi ya kawaida, ile praima nyekundu, ni nafuu na ni bora kuliko kitu tupu lakini peke yake inapitisha unyevu, lazima uifunike na rangi nyingine mapema. Epoksi ina shida moja, ikiwa baridi chini ya nyuzi 10 haikauki inavyotakiwa, inabaki inanata, na mwezi wa sita na wa saba usiku Mbeya mpaka Njombe huko ndo tunalala na blanketi tatu. Kwa hiyo panga kazi yako mwezi wa nane mpaka wa kumi, jua lipo, mvua bado. Kuanzia wa kumi na moja utakuwa unapaka rangi juu ya maji.

Lami mimi sio adui yake ila ipakwe juu ya rangi nzima, kwenye matao ya magurudumu mawe yanapopiga. Chesisi yenyewe iache na rangi tu, ili kesho kutu ikianza uione. Lami ikipasuka maji yanaingia nyuma yake, yanakaa, na wewe unaona weusi tu unadhani mambo safi.

Ndani ya chesisi ambako brashi haifiki hapo sasa namkubali mzee wa Tanzam, ila iwe oili SAFI. Sisi tunayeyusha nta ya nyuki, ile ya Chunya inapatikana, kwenye chombo kilichokaa ndani ya maji ya moto, tunachanganya na oili safi mpaka iwe nzito kidogo, ikiwa bado ya moto tunapulizia kwenye matundu kwa kompresa na bomba refu. Ikipoa inaganda inashika kuta. Usiyeyushe kwenye moto wazi na usiilegeze kwa petroli. Na hiyo ni baada ya kuchomelea KOTE kuisha, siyo kabla.

Dereva_Tanzam
Nilisema oili mkanicheka.

Ticha_Kemia_Iringa
Hatujakucheka mzee wetu, tumekuongezea nta. Mwana_Rungwe na pale alumini inapokaa juu ya chuma, utaona unga mweupe, ni alumini inaliwa kwa sababu metali mbili tofauti zimegusana na maji yapo katikati. Ukirudisha bodi weka kipande cha mpira au paka rangi pande zote mbili ili visigusane vitupu, na bolti zipakwe grisi.

Mwana_Rungwe
Ndaga fijo wote, sijui niseme nini. Kwa hiyo naosha wiki hii, nakwangua mwenyewe, mwezi wa nane nachomelea. Yule wa puti nimeshamwambia asante. Swali la mwisho fundi, tanki la mafuta liko karibu na pale penye tundu la mhimili wa kulia, nikilimwaga mafuta likabaki tupu si inatosha, kulitoa bolti zake zote zimeshikana na kutu.

Fundi_Bodi_Uyole
Haitoshi. Tanki tupu ni baya kuliko lililojaa, mvuke uliobaki ndo unaolipuka. Litoke lote, lipelekwe mbali na kazi, na kipande cha bomba la mafuta kilichobaki kizibwe. Bolti zilowekwe dizeli iliyochanganywa na oili siku mbili tatu kila jioni, zisipofunguka zikate kwa msumeno wa mkono, siyo grainda, cheche. Bolti ni hela ndogo. Likishatoka utaona bomba la breki linalopita kwenye chesisi, likiwa limevimba au lina vishimo usilisugue, badilisha.

Mwana_Rungwe
Sawa. Uyole uko upande gani, njia ya Dar au ya Tukuyu?

Fundi_Bodi_Uyole
Ukifika njia panda shika ya Tukuyu, mwendo mfupi tu kulia utaona 109 mbili zimepandishwa kwenye magogo. Njoo na hivyo vipimo ulivyoandika, na krosimemba usiiguse mpaka nimeiona.